Punda akifa, mzigo haufiki

Kwa wachuuzi wa mipakani, kumtunza punda kulingana na majira ni kulinda mtaji

Wahenga walisema punda afe, mzigo ufike. Huenda walisema hivyo kwa sababu enzi zao punda aliyekufa leo aliweza kupata mrithi sokoni wiki ijayo, kwa bei ambayo mchuuzi wa kawaida angeimudu. Hali hiyo imebadilika. Mchuuzi wa leo akipoteza punda katikati ya msimu wa mavuno hupoteza pia safari zake, wateja wake na mara nyingi sehemu kubwa ya mtaji wake.

Katika mpaka wa Kenya na Tanzania, punda bado ni kiungo kati ya shamba na barabara ya lami. Ukitoka Loitokitok na Tarakea, ukapita Namanga hadi Sirari na Isebania, utamkuta akivuta mkokoteni au akiwa na mzigo mgongoni, akipeleka mahindi, maharage, vitunguu na madumu ya maji. Hupita njia ambazo pikipiki hunasa kwenye tope na ambazo lori haliwezi kuingia kwa mzigo wa magunia mawili. Longido na Kajiado, kaya isiyo na punda huyabeba maji kwa mgongo wa mwanamke. Lamu, ambako vichochoro vya mji wa kale havipitishi gari, mawe, mchanga na saruji za ujenzi hufika kwa mgongo wake.

Pamoja na kazi zote hizo, punda ndiye mnyama anayepata matunzo haba kuliko wote zizini. Ng'ombe huogeshwa, mbuzi huchanjwa, naye huambiwa kwamba ni mvumilivu. Uvumilivu huo ndio unaowagharimu wenye punda, kwa sababu mnyama huyu huficha maumivu hadi siku anapoanguka.

Kwa nini hapatikani tena kwa urahisi

Mwaka 2016 machinjio ya punda yalianza kufanya kazi nchini Kenya, yakilenga soko la ngozi la China. Huko ngozi huchemshwa kupata ute unaotengenezea dawa ya asili iitwayo ejiao. Punda walianza kutoweka mazizini usiku, na biashara ya kuwavusha kimagendo kutoka nchi jirani ikashamiri. Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 ilihesabu punda wapatao milioni 1.8. Ile ya 2019 iliwakuta takriban milioni 1.2.

Serikali za ukanda zilichukua hatua, ingawa si kwa mwendo mmoja. Kenya ilipiga marufuku uchinjaji wa punda kwa biashara mwaka 2020, kisha Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo mwaka uliofuata. Tanzania ilitangaza mwishoni mwa 2021 kusitisha uchinjaji huo kwa miaka 10. Desemba 2022, wajumbe wa nchi za Afrika walikutana Dar es Salaam kuzungumzia mustakabali wa punda, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliafiki mjini Addis Ababa kusitisha biashara ya ngozi zake barani kote.

Hata biashara hiyo ikikoma kabisa, pengo halitazibika haraka. Punda jike hubeba mimba kwa takriban miezi 12 na huzaa mtoto mmoja. Mtoto huyo hafai kazi nzito kabla ya kufikisha miaka mitatu au minne, mifupa yake inapokomaa. Kwa hiyo anayepoteza punda leo na kutegemea kuzalisha mwingine atangoja karibu miaka mitano. Njia ya mkato ni kumfanya yule aliyepo adumu, maana punda anayetunzwa vizuri anaweza kufanya kazi kwa zaidi ya miaka 15.

Kiangazi: maji kwanza, mzigo baadaye

Januari na Februari jua ni kali na visima hupungua. Punda ana asili ya maeneo makavu ya Afrika Kaskazini-Mashariki, hivyo hustahimili kiu kuliko ng'ombe. Hapo ndipo wengi hukosea, kwani kustahimili kiu hakumaanishi kwamba hahitaji maji. Punda mwenye kiu hupunguza kula, na majani makavu aliyokwisha kula hukwama tumboni. Tumbo la msokoto huanza hivyo, na huua.

Ushauri wa madaktari wa mifugo ni kumpa maji safi mara tatu kwa siku: kabla ya safari, anapopumzika na anaporudi. Punda wa kazi huweza kunywa lita 10 hadi 25 kwa siku kulingana na joto na uzito wa kazi. Huchagua sana maji, na yakiwa machafu au yananuka mafuta ya dumu anaweza kuyakataa hata akiwa na kiu. Ndoo yake isiwe ile iliyokuwa na dawa au petroli.

Ukame wa kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika, ulionyesha namna mzigo wa punda unavyoongezeka malisho yanapoisha. Maji yalikuwa mbali zaidi, safari zikawa ndefu, na yeye mwenyewe akawa na chakula kidogo. Mwenye punda anayeweka akiba ya mabua ya mahindi na nyasi kavu wakati wa mavuno huvuka kipindi kama hicho akiwa na mnyama bado amesimama. Akiba hiyo ihifadhiwe juu ya kichanja, mahali penye paa, isilowe.

Kiangazi pia huwaleta punda kwenye majalala ya masoko. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, lakini vifungashio na kamba za nailoni bado vimezagaa. Punda mwenye njaa huvila pamoja na maganda ya mboga, navyo havitoki. Kumfunga kivulini na nyasi mbele yake wakati mwenyewe anauza ni nafuu kuliko kumwacha ajitafutie.

Masika: kwato na baridi ya mvua

Kuanzia Machi hadi Mei tatizo hugeuka. Ukwato wa punda uliumbwa kwa ajili ya ardhi kavu na hunyonya maji upesi. Akisimama kwenye tope na samadi usiku kucha, ukwato hulainika, mawe madogo huingia, na sehemu laini ya katikati huanza kuoza. Dalili ni harufu mbaya na uchafu mweusi unaotoka ukwato unapochokolewa. Kuchechemea huja baadaye, tatizo likiwa limekwisha kuingia ndani.

Kinga yake haihitaji pesa nyingi. Kila jioni kwato zote nne zinyanyuliwe na kusafishwa kwa kifaa chenye ncha butu, kuanzia kisiginoni kwenda mbele. Mahali pa kulala pawe pameinuka, pakavu, na samadi iondolewe kila siku. Kila baada ya wiki sita hadi kumi kwato zipunguzwe na mtu aliyefundishwa, kwa kisu na tupa ya kwato. Panga halifai. Ukwato uliokatwa ovyo humfanya punda akanyage upande, na maumivu hupanda hadi viungo vya mguu.

Jambo la pili ni mvua yenyewe. Manyoya ya punda hayazuii maji kama ya farasi. Mvua humpenya hadi kwenye ngozi, na usiku wa baridi baada ya kulowa humwachia ugonjwa wa kifua. Banda lake halihitaji kuwa na kuta nne. Paa lisilovuja na ukuta upande upepo unakotoka vinatosha. Akirudi amelowa, akaushwe kwa gunia kavu kabla ya kufungwa.

Masika pia huleta minyoo, kupe na inzi. Dawa ya minyoo hutolewa kwa kufuata msimu, hasa mvua zinapoanza na zinapokwisha, kwa kipimo kinachotokana na uzito. Kukisia uzito kwa macho ndiko kunakofanya dawa iwe kidogo mno, na minyoo ikaizoea.

Katika maeneo yenye mbung'o, punda aliyekonda ghafla, mwenye homa zinazokuja na kuondoka na ufizi uliopauka, apelekwe kupimwa damu. Huenda ana ndorobo, ugonjwa ule ule unaowadhoofisha ng'ombe.

Mahindi yaliyokataliwa mpakani yasiwe chakula chake

Machi 2021, Kenya ilipozuia kwa muda mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, wafanyabiashara wengi walijifunza kwa hasara kwamba ukungu kwenye nafaka ni jambo zito. Wengi huona kwamba nafaka isiyofaa kwa watu inaweza kwenda kwa mifugo.

Kwa punda, hilo ni kosa la kuua. Mahindi yaliyovunwa mabichi au yaliyolowa ghalani huota kuvu wa aina kadhaa. Mmoja wao hutoa sumu iitwayo fumonisini, ambayo hushambulia ubongo wa farasi na punda. Mnyama huanza kuyumba, hugonga vitu kama kipofu, huegemeza kichwa ukutani, kisha hufa, mara nyingine ndani ya siku moja au mbili tangu dalili zionekane. Hakuna dawa inayotibu ubongo uliokwisha kuharibika. Kuyakausha upya mahindi hayo au kuyasaga kuwa pumba hakuondoi sumu.

Hata mahindi mazuri hayampasi kwa wingi. Tumbo la punda limeundwa kwa chakula kikavu chenye nyuzinyuzi: nyasi kavu, mabua na majani. Nafaka nyingi kwa mkupuo humletea tumbo la msokoto na maumivu makali ya kwato. Anayefanya kazi nzito aongezewe kidogo kidogo, pamoja na chumvi ya mifugo ya kulamba.

Dawa ya ng'ombe si lazima iwe dawa ya punda

Maduka ya pembejeo pande zote mbili za mpaka huuza dawa nyingi ambazo maandishi yake yanahusu ng'ombe. Mnunuzi mwenye haraka hununua chupa moja kwa zizi zima. Hatari tatu zinafaa kukumbukwa.

Ya kwanza ni dawa ya kuogeshea kupe iliyoandikwa neno amitraz. Kwa ng'ombe ni dawa ya kawaida. Kwa punda na farasi huweza kusimamisha utumbo, chakula kikakwama na mnyama akafa kwa tumbo. Muuzaji aulizwe dawa ya jamii ya pairethroidi inayofaa wanyama hawa.

Ya pili ni chakula cha kuku au ng'ombe cha viwandani. Baadhi yake huchanganywa na monensini, dawa inayowasaidia kuku na ng'ombe lakini inayoharibu moyo wa farasi na punda hata kwa kiasi kidogo. Kama lebo haielezi wazi kilichomo, punda asipewe.

Ya tatu ni sindano za ndorobo. Dawa hizo humsaidia punda akipewa kwa kipimo sahihi, lakini nafasi kati ya kipimo kinachotibu na kinachodhuru ni ndogo kwake kuliko kwa ng'ombe. Kazi hiyo ni ya mtaalamu, si ya jirani mwenye bomba la sindano.

Ipo pia chanjo inayosahaulika. Ugonjwa wa pepopunda umebeba jina la mnyama huyu kwa lugha ya Kiswahili, na kweli farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nao kwa urahisi zaidi. Msumari mmoja kwenye ukwato au kidonda cha kamba kinatosha kuuingiza. Chanjo yake ipo, kama ilivyo ya kichaa cha mbwa, na afisa mifugo ndiye wa kuulizwa.

Kipupwe: wakati wa mavuno na vidonda

Juni hadi Septemba hewa ni baridi na kavu, barabara zinapitika, na mazao yanatoka. Mfanyabiashara hupata faida yake kubwa katika miezi hii, na punda hupata vidonda vyake vikubwa.

Hesabu ya mzigo ni nyepesi. Punda wengi wa ukanda huu wana uzito wa kati ya kilo 120 na 160. Kipimo kinachokubalika na wataalamu ni kwamba mzigo wa mgongoni usizidi theluthi ya uzito wake, yaani kilo 40 hadi 53. Gunia la mahindi la kilo 90 linalotumika Kenya, au la kilo 100 la Tanzania, linakaribia mara mbili ya kiwango hicho. Lumbesa haina haja ya kuhesabiwa. Mkokoteni wenye magurudumu yenye upepo wa kutosha na fani zilizopakwa grisi hubeba zaidi, mradi uzito usawazishwe juu ya ekseli, usimning'inize punda wala kumkandamiza shingoni. Wakifungwa wawili, wawe wa kimo kimoja.

Mzigo wa mgongoni ugawanywe sawa pande mbili kwa shogi, na chini yake kuwe na matandiko mazito ya pamba, blanketi au ngozi ya kondoo. Uti wa mgongo uachwe huru katikati, usiguswe na kamba wala mti. Magunia ya plastiki na kamba za nailoni huchoma ngozi kwa joto na msuguano. Mkanda mpana wa pamba au ngozi hudumu na haukati.

Kidonda kikitokea, kisafishwe kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye vijiko viwili vidogo vya chumvi kwa lita moja. Oili chafu ya gari, maji ya betri na majivu ya moto huunguza nyama na kuchelewesha kupona. Kisha punda apumzike. Anayempumzisha siku chache kidonda kikiwa kidogo kama sarafu hupoteza safari chache. Anayengoja hadi mfupa uonekane hupoteza msimu mzima.

Sheria nayo inahusika. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 na sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, zote zinamgusa anayemzidishia mnyama mzigo au kumfanyisha kazi akiwa na jeraha. Mchuuzi anayevuka mpaka hawezi kusema sheria ni ya upande mmoja.

Vuli: kujiandaa kwa Desemba

Mvua za vuli, Oktoba hadi Desemba, hukutana na biashara ya mwisho wa mwaka. Matatizo ya kwato hurudi wakati ambao safari zinaongezeka. Septemba basi ndiyo mwezi wa kufanya matayarisho: kwato zipunguzwe, meno yaangaliwe, matandiko yashonwe upya, paa lizibwe, na dawa ya minyoo ipangwe na afisa mifugo. Jike mwenye mimba aondolewe kazi nzito miezi mitatu ya mwisho, na nafasi yake itafutwe mapema.

Katika pilikapilika za msimu huo, dalili moja isidharauliwe. Punda aliyeacha kula kwa siku nzima, amesimama peke yake, masikio yamelala, ni mgonjwa wa dharura hata kama hajigaragazi. Mwili wake, ukikosa chakula, humwaga mafuta kwenye damu kwa wingi hadi ini na figo hushindwa. Walio katika hatari zaidi ni wanene, wenye mimba na wanaonyonyesha. Daktari aitwe siku hiyo hiyo, na wakati anangojwa mnyama abembelezwe kwa majani mabichi au chochote anachokipenda.

Kabla ya kuvuka

Mfumo rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki humwezesha mchuuzi mwenye bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, kutumia cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Cheti hicho ni cha bidhaa. Mnyama ana taratibu zake za afya na kibali cha kusafirishwa, na vituo vya pamoja vya mpakani kama Namanga na Holili–Taveta vimekusanya maofisa wa nchi zote mbili mahali pamoja, hivyo swali huulizwa mara moja. Anayenunua punda upande wa pili adai karatasi za umiliki na za afya, kwani bila hizo anaweza kuwa amenunua mnyama wa wizi, na wa ugonjwa pia.

Punda wa chama cha akina mama au cha wachuuzi anaweza kuwa na daftari lake dogo: tarehe ya kupunguzwa kwato, ya chanjo, ya dawa ya minyoo, na siku alizougua. Daftari hilo humsaidia daktari asianze kwa kukisia, na humwonyesha mnunuzi historia ya mnyama siku ya kuuzwa. Kila mwanachama akichangia kidogo kila wiki ya soko, fedha ya daktari huwepo kabla ya ugonjwa. Bila mfuko huo, gharama humwangukia mmoja siku ambayo mzigo umekwisha kupakiwa na mteja anangoja ng'ambo.